Lexington, Kentucky: TV za hapa zinatujua siku ya risasi, siku ya tonado kila mtu na lwake

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Povu linanitoka tangu usiku ule na nimejizuia vya kutosha.

Kwa wasioujua mji wenyewe: Lexington ina watu zaidi ya 320,000. Ni mji wa farasi na basketi. Wakongomani wamejaa, wengi wamepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale kwetu Kigoma, na shuleni ukiacha Kiingereza na Kihispania, Kiswahili ni katika lugha zinazofuata. Foleni ya malipo dukani unasikia "mama fulani, umeamkaje". Sisi siyo wageni wawili watatu wa kuhesabika kwa vidole.

Sasa sikilizeni. Nimetoka shifti, nimejitupa kwenye kochi, TV inaongea. Mara simu ikapiga ule mlio wa kutisha wa tahadhari ya tonado, ule upepo mkali unaozunguka na kufumua nyumba, na king'ora cha mtaa nacho kikaanza kulia. Kwenye kioo yule bwana wa hali ya hewa kashavua koti, kakunja mikono ya shati, ramani nyuma yake nyekundu tupu. Anataja kaunti: Woodford, Jessamine, Fayette. Chini maandishi yanapita mbio, Kiingereza kitupu. Na hapo hapo kuna mtego ambao hawaujui: nusu ya watu wetu hawajui kuwa wanaishi Fayette. Wao wanajua wanaishi Lexington. Hata mwenye Kiingereza cha kuombea maji anasikia "Fayette" anasema ahaa, huko mbali, anageuka kulala.

Nikachungulia dirishani. Wakuu, kule paking namwona jirani yangu, mama mtu mzima wa Uvira, kasimama na wajukuu watatu. Mmoja mgongoni. Mkononi kashika ule mfuko wa nailoni wenye makaratasi yote ya ukimbizi. Mvua inawapiga, upepo unataka kuwabeba. Nikashuka mbio nikipiga kelele. Ananiuliza, "Mutoto wangu, kuko nini? Tukimbilie wapi?"

Mmeelewa? Mama wa watu maisha yake yote akisikia kelele ya hatari usiku anatoka nje. Vitani nyumba ndiyo kaburi, unakamata watoto na makaratasi unakimbia. Tonado ni kinyume kabisa: unaingia ndani, ghorofa ya chini, chumba cha katikati kisicho na dirisha, bafuni au stoo, unajikunja na kufunika kichwa. Kwa hiyo king'ora kilichowekwa kumwokoa ndicho kilichomtoa nje. Sentensi moja tu ya Kiswahili pale chini ya kioo ingetosha, na TV yake ilikuwa imewashwa, niliikuta inaendelea kubwata yenyewe sebuleni.

Tukaingia bafuni kwake, watu watano na ndoo. Tonado ikapita pembeni, hatukuguswa. Lakini hii ndiyo Kentucky ambayo Desemba 2021 tonado ziliua zaidi ya watu 70 kwa usiku mmoja na kuufumua mji wa Mayfield, na Mei 2025 zikapiga tena kusini mwa sisi, upande wa Somerset na London, zikaua. Usiku vilevile. Hakuna wa kusema hakujua.

Kinachoniumiza zaidi ni hiki. Miezi michache nyuma kulipigwa risasi kwenye hizi hizi apatimenti. Haikupita nusu saa, gari la kituo kimoja likafika na ule mlingoti wake, taa kali, ripota kapaka poda. Hawakuja na mkalimani. Wakamsimamisha mtoto wa miaka kumi na kitu awatafsirie wakubwa, usiku ule, damu ingali kwenye lami. Kesho yake majina yamekosewa, na mtaa wetu umepewa sifa ambayo mpaka leo mtu akiomba kazi akitaja anwani anatazamwa mara mbili. Siku ile barabara ya kuja kwetu waliijua vizuri sana.

Nikawaandikia kituo hicho hicho. Barua pepe ya adabu kabisa, na sentensi nimewatungia mwenyewe bure: "Tonado inakuja. Ingia ndani, chumba cha chini kisicho na dirisha." Wakanijibu baada ya siku tisa kwamba wanathamini maoni yangu na jamii yetu itumie programu za tafsiri. Yaani bibi ashike simu akitafsirishe kioo huku bati linaondoka!

Na wasituambie ni biashara yao binafsi. Masafa wanayorushia ni mali ya umma, wamepewa leseni ya miaka 8 kwa sharti la kutumikia maslahi ya umma, sheria ya 1934 hiyo. Kila miezi mitatu wanatakiwa kuweka hadharani orodha ya masuala ya mji waliyoyashughulikia. Nimekwenda kuisoma ya hao jamaa. Farasi wamo. Sisi hatumo. Ile FCC yao, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, nayo 2017 iliondoa sharti la kituo kuwa na studio karibu na mji kinaouhudumia, na Januari 2025 ilipotoa agizo la tahadhari za simu kwa lugha nyingine 13, Kijerumani na Kiitaliano vimo, Kiswahili hakimo. Nani huku Lexington anangoja tahadhari ya Kiitaliano?

Uwezo wanao, msiniambie. Calipari, kocha wa basketi wa chuo kikuu cha hapa, alipohamia Arkansas 2024 tulijua mpaka ndege iko wapi.

Na sisi wenyewe tusijitoe. Usiku ule kwenye grupu la WhatsApp la jamii kulikuwa na sauti za dakika saba za maombi na video ya tonado ya sijui mwaka gani, sijui wapi. Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza "tuingie chumba gani?" na hakujibiwa mpaka asubuhi. Admini nakuona, unasoma hapa.

Mlioko Louisville, Des Moines, Portland ya Maine: kwenu kuna kituo hata kimoja kinachopitisha tahadhari kwa Kiswahili? Kama kipo niambieni mlipenyaje, mliongea na nani, idara ya habari au ya mauzo. Nataka kuwarudia hawa na mfano mkononi. Na mwenye Kinyarwanda au Kibembe kizuri aje inbox, ile sentensi yangu naichapa kwenye karatasi tubandike kila mlango wa bafu hapa.

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa "Maisha ya Marekani". Kule watu wanaulizana bei ya Camry.