Naomba ushauri: msuli wa mama uliochanika unapona taratibu mno

Wakuu, habari zenu. Mama yangu ana miaka 72. Alichanika msuli wa nyuma ya paja na hadi leo anachechemea, wakati mdogo wangu aliumia vilevile na akapona mapema. Daktari alisema mfupa ni mzima, apumzike na ameze dawa za kupunguza uvimbe.

Nimesoma kidogo. Msuli ukichanika, seli za kinga ziitwazo makrofaji hula mabaki ya nyuzi zilizokufa, kisha hubadilika na kuzisaidia seli shina za msuli kujenga nyuzi mpya. Uzeeni badiliko hilo huchelewa, na pengo huweza kujaa kovu na mafuta. Kilichonipa moyo ni utafiti wa Marekani wa mwaka 2005: panya wazee waliounganishwa mzunguko wa damu na panya vijana, misuli yao ilipona vizuri zaidi. Kwa hiyo seli shina za mzee bado zina uwezo!

Swali langu kubwa, hasa kwa madaktari na wataalamu wa fiziotherapia: kama uvimbe wa mwanzo ndio unaoita seli za kusafisha jeraha, je, kuendelea na dawa hizo kunamsaidia au kunamchelewesha? Simwachishi mpaka nizungumze na daktari wake. Na mazoezi mepesi aanze lini? Akilala sana misuli itapungua, akiharakishwa naogopa atachanika tena. Mliouguza wazazi wa umri huu, mlifanyaje?