Mrejesho: Kile kisu kilichogoma kufunguka

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu kisu changu cha kukunja, Opinel namba 8, kilichogoma kufunguka baada ya kulowa mvua pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kama ninunue kingine. Sikununua.

Aliyesema mpini wa mti umevimba kwa maji alipatia. Seremala mmoja wa Tororo hakugusa hata koleo: aligonga kitako cha mpini ukingoni mwa meza, mara tatu hivi, ncha ikachomoza, akaivuta kwa kucha. Akanikataza kukianika juani, mti ungepasuka. Kimekaa kivulini siku nne, kisha nikapaka mafuta ya mgando kwenye kiungo.

Siku hizo nne nilikuwa najipapasa mfuko wa kulia kama mtu aliyeibiwa simu!

Bapa ni chuma cha kaboni, na mananasi ya Kayunga yamelitia madoa ya kijivu. Mke wangu alitaka kuyasugua na stili waya, nikamwomba ayaache, nayajua moja moja.

Jana taniboi aliniomba akatie kamba ya turubai. Nilimpa, ila nilisimama palepale mpaka akanirudishia.