Mdogo wangu ametoka soba, naogopa kumzika

Dada Mkubwa: Wakuu, habari za usiku. Mdogo wangu katoka soba, ile nyumba ya kuachia dawa za kulevya, wiki iliyopita; miezi sita hajagusa unga, yaani heroini. Kanenepa, anaswali, mama anafurahi. Ila mwenzake waliyelala naye chumba kimoja huko tulimzika Jumamosi. Alirudia mara moja tu, hakuamka. Usiku nasimama mlangoni kwa mdogo wangu nahesabu pumzi zake. Inakuwaje mtu anakufa akiwa ameshaacha?

Kaka wa Kigogo: Pole sana dada. Mimi niko kwenye methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini, mwaka wa nane. Huko soba mwili umesahau unga. Kete ya unga aliyokuwa akivuta zamani na kuendelea na shughuli zake, leo inamkata pumzi. Wiki za mwanzo ndizo za hatari zaidi, na kwa wanaotoka jela ni vivyo hivyo. Kaa naye umwambie wazi: "Ukizidiwa, niite, usijifungie peke yako." Hiyo siyo ruhusa, ni kumtaka aishi.

Halafu muulize kama yuko tayari kwa methadoni. Muhimbili walianza 2011, Mwananyamala na Temeke nako kuna kliniki, na hailipiwi. Unakunywa kila siku mbele ya muuguzi, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haikusumbui. Wanaobaki kwenye dawa hufa wachache sana kuliko wanaoikatisha. Wengi niliowazika mimi waliikatisha.

Nesi Mbagala: Ukimwita haamki, anakoroma kama anayesongwa, midomo imepauka, huo si usingizi. Mpulizieni pumzi mdomoni. Akishahema mwenyewe, mlazeni ubavu. Mkimbizeni hospitali mkaseme bila kuficha kuwa ni heroini. Kuna sindano ya naloksoni inayorudisha pumzi. Maziwa na maji ya chumvi acheni kabisa. Na apimwe VVU, homa ya ini na kifua kikuu, maana hayo huua taratibu miaka ya baadaye.

Binti Mzaramo: Na sigara jamani! Baba yangu aliacha gongo miaka kumi na moja, mapafu ndiyo yakamwondoa. Kuna utafiti wa Minnesota, Marekani, wa 1996: watu 845 waliotibiwa ulevi walifuatiliwa, na zaidi ya nusu ya vifo vyao vilihusiana na tumbaku.

Dada Mkubwa: Asanteni. Nimemwambia yote jioni hii. Alinyamaza sana, kisha akatoa ufunguo wa chumba chake akaniwekea mezani. Kesho alfajiri tunakwenda Mwananyamala.