Baba amesema hapandi meli

Bwire (Nansio, kisiwani Ukerewe): Shikamooni wakubwa. Baba leo hajala tena. Kanywa uji nusu kikombe, anasema tumbo limejaa.

Magesa: Marahaba. Limejaa nini na hajala?

Bwire: Ndiyo hapo kaka. Suruali haifungi tena, anaikaza kwa kipande cha kamba ya nyavu. Mikono imebaki mifupa. Akitembea tumbo ndilo linatangulia.

Neema (Dodoma): Mungu wangu. Hospitali je?

Bwire: Amesema hapandi meli. Nikamwambia basi tuzunguke na gari kupitia kivuko cha Kisorya, akanitazama kama nimemtukana.

Magesa: Mnambembeleza mno. Kesho nampigia namwambia BMU, wale wasimamizi wa uvuvi, wanamtaka Mwanza kwa mambo ya leseni ya mtumbwi. Akishuka tu bandarini, moja kwa moja hospitali ya Bugando.

Mama Mdogo: Magesa mwanangu, baba yako kavua ziwa hili hujazaliwa. Utamdanganya kwa leseni?

Neema: 😂😂

Mama Mdogo: Na akijikuta wodini kwa uongo, hata Panadol hatameza. Mtu mwenyewe mnamjua.

Nyangeta: Nilikuwa zamu jamani. Shikamoo Mama Mdogo. Bwire, nijibu bila aibu. Choo chake kikoje? Ametapika?

Bwire: Dada, choo cha baba mimi nakionea wapi?

Nyangeta: Mtume Kulwa akamuulize. Babu na mjukuu hawaoneani haya.

Bwire: Kulwa karudi. Choo cheusi tii kama lami, tangu Jumapili. Kutapika bado.

Nyangeta: Dawa anazotumia?

Bwire: Za mgongo. Diklofenaki za dukani, anazimeza kama karanga. Na kuna unga wa mganga mmoja wa Ukara.

Nyangeta: Diklofenaki ziondoe leo leo, na unga pia asinywe. Choo cheusi hivyo, mara nyingi ni damu inavuja huko juu ikishuka. Inaweza kuwa vidonda. Ila mvuvi, umri ule, tumbo lile, mimi nawaza kichocho.

Magesa: Kichocho si kukojoa damu?

Nyangeta: Hicho cha kibofu. Huku kwetu ziwani kilichojaa ni cha tumbo. Vijidudu vinatoka kwa konokono, vinapenya ngozi ukiwa umesimama tu majini unavuta nyavu. Minyoo inaishi kwenye mishipa ya utumbo, mayai yanasukumwa na damu yanakwama kwenye ini. Miaka na miaka ini linajaa makovu, damu inakosa pa kupita. Bandama linavimba, tumbo linajaa maji, mishipa ya njia ya chakula inatuna. Ikipasuka mtu anatapika damu beseni zima.

Nyangeta: Sijasema ndicho. Homa ya ini B nayo inafika huko huko, pombe pia. Ndiyo maana nataka apimwe damu na choo, apigwe altrasaundi. Mimi siyo mashine.

Neema: Si kuna vile vidonge tulimezeshwa shuleni? Wanakupima urefu kwa kijiti ndiyo wajue umeze vingapi. Vinanuka!

Nyangeta: Prazikwanteli. Inaua minyoo, ila ini likishakomaa na makovu hairudishi lilivyokuwa. Mishipa ikionekana imetuna ndipo wanaingiza kamera kooni, wanaifunga. Hiyo ndiyo ya Bugando. Hatujafika huko.

Mama Mdogo: Sasa mnisikilize. Baba mkubwa wenu alipougua, baba yenu ndiye aliyemvusha kwenda mjini. Alirudi naye kwenye sanduku, na ule mtumbwi mkubwa ukauzwa kulipia. Kila mkimtajia meli anaona lile sanduku.

Magesa: Hajawahi kutuambia.

Mama Mdogo: Awaambie ninyi mnaomwita mbishi?

Magesa: Sawa, tumesikia. Tunafanyaje?

Nyangeta: Tuanzie hospitali ya hapo hapo Nansio. Hakuna maji ya kuvuka. Ila si wiki ijayo, kwa choo kile ni kesho asubuhi. Usiku akitapika damu, akizimia au akianza kuongea visivyoeleweka, Bwire hutuulizi kitu humu, unamkimbiza.

Mama Mdogo: Nakwenda kwa yule fundi mitumbwi rafiki yake. Alijaa maji vilevile na yuko hai. Akamseme yeye. Ninyi wote msipige simu usiku huu.

Neema: Nimetuma 30,000 kwa Bwire. Mwisho wa mwezi naongeza.

*Kesho yake*

Bwire: Amekubali! Fundi kakaa naye mpaka saa tano usiku. Masharti: Nansio tu, Kulwa aende naye, na Magesa asiongee na daktari.

Magesa: Mimi nimefanya nini jamani 🤦🏾

Nyangeta: Pakiti ya diklofenaki na huo unga viende navyo, daktari avione. Asivifiche.

Bwire: Tumefika. Dirisha la wazee wanauliza kitambulisho chake, kumbe kiko nyumbani. Baba kashasimama, anasema anakifuata mwenyewe.

Nyangeta: Akitoka hapo harudi huyo!

Mama Mdogo: Mwambie akae. Ninacho, niko getini. Nilikichukua jana alipokuwa anaoga.

Magesa: Mama Mdogo! Si wewe uliyekataa tusimdanganye?

Mama Mdogo: Kwani aliniuliza?

Bwire: Wameita jina lake. Nazima data, chaji imebaki kidogo.