Naomba ushauri: Kiingereza cha kutetea michoro mbele ya jopo

Hamjambo ndugu zangu. Nasoma usanifu majengo, mwaka wa pili, hapa Nairobi. Mitihani ya kuandika napita. Shida ni siku ya kubandika michoro ukutani na kuitetea. Muhula uliopita niliulizwa kwa nini madirisha yangu makubwa yanatazama magharibi. Jibu nilikuwa nalo: nilifuata mandhari, na nimechora vizuizi vya wima vya kukata jua la jioni. Kwa Kiingereza nilitoa maneno matatu, nikanyamaza. Jopo likaona sikufikiria, na hilo limeniuma sana.

Nimejaribu kukariri hotuba, lakini swali moja tu huivuruga. Vitabu vya sarufi havigusi mambo haya. Juzi nilisimama nje ya KICC, jumba la mikutano la kimataifa hapa Nairobi, kazi ya wasanifu Nøstvik na Mutiso iliyokamilika 1973, nikajaribu kulieleza kwa sauti. Mnara niliumudu, ule ukumbi wenye umbo la koni ulinishinda.

Mliopitia studio za usanifu, mlijizoezaje kujibu maswali ya papo kwa papo? Na nianze na msamiati wa fani, au na lugha ya kutoa sababu na kulinganisha? Jopo lijalo ni baada ya wiki sita.