Simu mbili, watoto 40: mikoko tuifundisheje?

mwalimu_pwani: Wadau, nina darasa la nne, watoto 40, simu janja mbili, na mikoko iko hatua chache tu kutoka shuleni. Programu ya Seek, ile ya kutambua mimea kwa kamera ya simu, mara nyingi inaishia kwenye familia ya mti, tena kwa Kilatini. Bando nalo halishiki kule matopeni. Nifanyeje watoto waijue miti kwa majina ya kwetu?

mkomafi: Seek hutambua mmea bila intaneti wala akaunti, mtandao unahitajika kwa maelezo na picha za ziada. Kasoro iko kwenye upigaji. Mti mzima kwa mbali ni kijani kitupu. Chuma jani moja, liweke kivulini juu ya karatasi nyeupe, elekeza kamera upande wa juu, kisha wa chini. Ua au tunda likiwepo, anza nalo. Lenzi ifutwe kila mara, chumvi huitia ukungu.

Ikikwama, waamue watoto wenyewe, na hapo ndipo somo lilipo. Kati ya miti ya mikoko, jani la mkoko wenyewe lina ncha kama sindano na vidoa vyeusi chini. La mkandaa ni butu, halina vidoa. Mizizi ya mchu huchomoza topeni kama penseli, ya mlilana ni minene kama pembe.

kupwa_na_kujaa: Vikundi vinane vya watano. Viwili vishike simu, sita vichore majani na kupima mizizi kwa rula. Mkibadilishana kila dakika 10, dakika 40 zinatosha. Ingieni maji yakiwa bado yanatoka, mtoke kabla hayajaanza kujaa. Siku za bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali, lakini hurudi kwa kasi.

msinzi: Majina yachukuliwe kwa wazee: rekodi ya sekunde 20 kwa kila mti, jina na matumizi yake. Msinzi, mti niliojiita jina lake hapa, wengine huuita muia. Andikeni yote mawili. Kisha tengenezeni msimbo wa QR wenye maandishi yenyewe ndani, si kiungo, usomeke bila bando. Herufi zisizidi 200, zikizidi vinukta hubanana na simu za bei ndogo hushindwa. Upana usipungue sentimita 4. Plastiki ya juu isiwe ya kung'aa, huakisi jua. Fungeni mtini kwa kamba, msipigilie misumari.

mwalimu_pwani: Kamba ya nailoni?

msinzi: Katani, tena ilegee. Nailoni haiozi, mti ukinenepa inakata gome.