Kilomita 25 kutoka lami: karatasi ya dharura iandikwe nini?

kamati_ya_kijiji
Hamjambo. Kamati ya nyumba kumi huku kusini mwa Kitui inaandaa karatasi moja ya dharura, ibandikwe dukani, shuleni na kanisani. Lami iko mbali, mto wa msimu uko katikati, na mtandao unashika mlimani tu. Yanayotusumbua ni nyoka, ajali za bodaboda na watu kunaswa visimani. Zaidi ya 999, tuandike nini? Na ambulensi ni lazima ilipiwe kwanza?

mpokea_simu
Wekeni 999 na 112 za polisi, na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Lakini juu kabisa ziwe namba za watu wa hapo hapo: madereva wawili wenye pikapu au Probox upande wenu, mmoja ng'ambo ya mto, muuguzi wa zahanati na naibu wa chifu. Mto ukijaa msijaribu kuuvuka na mgonjwa. Maji ya sentimita 30 yanatosha kuielesha gari ndogo. Gari la ng'ambo lisubiri ukingoni, na mpigaji aseme mapema kwamba mto umefurika ili ambulensi isishuke njia isiyopitika.

Mpigaji asianze na kisa. Aanze na mahali, kisha kilichotokea, wangapi, kama wanapumua, hali ya barabara, na namba ya pili ya simu. "Penye mbuyu mkubwa" hakumsaidii dereva aliyetoka mjini. Nendeni mchana kwenye sehemu tano au sita ambazo gari hufika (shule, soko, zahanati, kivuko), mkachukue namba za ramani (latitudo na longitudo) kwenye simu na kuziandika kwenye karatasi. Desimali nne zinatosha, kosa lake ni kama mita 11. Mkiacha mbili, kosa linaweza kupita nusu kilomita. Na alama ya kutoa isisahaulike! Ninyi mko kusini mwa ikweta, -1.37 ikiandikwa 1.37, gari linaelekezwa upande wa Laisamis kule Marsabit, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenu.

Kwa sababu ya mtandao, chagueni mtu wa kukimbia mlimani na ujumbe ulioandikwa. Akishapiga abaki huko huko na simu yake, maana dereva atapiga tena kuuliza njia.

kliniki_ya_nyoka
Upande wa nyoka, andikeni makatazo zaidi kuliko maagizo. Hakuna kuchanja, kunyonya, jiwe jeusi, wala kamba ya kubana. Kifutu ndiye mwenye kesi nyingi, na sumu yake huvimbisha na kuua nyama. Ukifunga kamba unaizuia sumu palepale pamoja na damu, na mguu huweza kuoza. Vueni pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujapanda. Mguu ufungwe kwa kijiti usikunjwe, mgonjwa asitembee, saa ya kuumwa iandikwe. Bodaboda inafaa ikiwa hakuna gari, lakini mgonjwa akae katikati, na mtu wa tatu amshike kwa nyuma. Akianza kulegea kope au kushindwa kumeza, hiyo ni sumu ya neva: alazwe ubavu, na mtu aangalie pumzi njia nzima.

Fira akimtemea mtu sumu jichoni, mwageni maji safi mengi kwa dakika 15 au 20. Maziwa si dawa.

Jambo linalosahauliwa: pigeni simu hospitali kabla ya kuondoka, mkauliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo leo. Si kila kituo huwa nayo, na hupewa kwa mshipa, adrenalini ikiwa karibu, kwa hiyo zahanati ndogo haiwezi kuitoa ovyo ovyo.

kamati_ya_kijiji
Asante sana. Na visima? Vijana hushuka kumwokoa mwenzao, nao wanabaki.

zimamoto_mstaafu
Chanzo mara nyingi ni pampu ya petroli. Pampu ya juu huvuta maji kwa kina cha mita saba hivi, kwa hiyo kisima kikishuka watu huiteremsha pampu ndani, na moshi wake hujaa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Mshumaa ulioteremshwa kisimani ukizimika huonyesha oksijeni imepungua, lakini ukiwaka haumaanishi hakuna gesi hiyo. Andikeni kwa herufi kubwa: ASISHUKE MTU. Zimeni injini, kama inafikika kutoka juu, na iteni zimamoto ya kaunti mara moja. Mfanyakazi wa kisima afungwe kamba kifuani tangu anaposhuka, na watu wawili waishike juu. Akizirai wanamvuta bila mtu mwingine kuingia. Kamba ya baadaye haisaidii, hakuna wa kuifunga.

Kuhusu malipo: Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2), inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Jedwali la Nne linaweka ambulensi na zimamoto chini ya kaunti. Ambulensi za kibinafsi zina bei zake. Kabla ya dharura, waulizeni afisi ya afya ya kaunti nani hutia mafuta gari la umma, na jibu liandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo.